Pumzi ya Nusu Mstari

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo, na karakana haijambo. Tuna oda ya sare za shule mbili na kola zinanitoka hata masikioni.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu zetu hazizai kitu. Mara ya mwisho nilikuuliza kama umekula, ukanijibu kwamba mvua ilikatika juzi. Najua si kosa lako. Miaka thelathini na moja ubavuni mwa mashine ya kusaga unga ingemharibu masikio mtu yeyote. Basi tuandikiane.

Mama Pacha wa nyumba ya pili amenipigia. Anasema kila Jumanne na Ijumaa saa nane mchana unatoka umevaa shati lililopigwa pasi, wewe ambaye pasi uliijua kwa jina tu. Unarudi jioni macho mekundu, na unasimama kupumzika mara mbili ukiegemea ukuta wa duka la vioo. Na kila asubuhi, bafuni, unaguna. Guno refu, zito, linashuka, halafu kimya, halafu tena. Najua aliweka sikio ukutani, kwa hiyo siwezi kusema amesikia vibaya.

Mama naye alianza kwa kusema ni kikohozi tu. Sitaki kufichwa mara ya pili. Sina kaka wala dada wa kumtuma aje akuangalie, niko peke yangu na roho iko juu. Kama ni ugonjwa, utaje jina lake.

Mwanao,
Sindano


15 Februari

Sindano mwanangu,

Marahaba. Bahasha yako imefika imeloa kona moja, lakini maneno yote yalikuwa makavu kama kawaida yako. Jina hilo sikukupa bure.

Mwambie Mama Pacha ukuta ule ni wa tofali moja jembamba, hana haja ya kuweka sikio. Mimi si mgonjwa kuliko nilivyokuwa. Kifua changu kimejaa unga, hilo unalijua tangu ulipokuwa unanipangusa nyusi nikirudi kazini. Daktari anasema mapafu yangu mawili yanafanya kazi ya pafu moja na robo. Amenipeleka kliniki, kwa dada mmoja wa mazoezi ya pumzi. Anatufundisha kupumua, kana kwamba nimeishi miaka sitini na sita kwa kubahatisha. Macho mekundu ni vumbi la njiani. Bafuni ni mazoezi hayo hayo. Nimemaliza.

Sasa na mimi nina swali. Uliwahi kuniambia kwamba hapo karakana wenzako huimba wakishona. Kwa nini wanaimba? Usinijibu kwamba ni furaha, maana nimeona watu wengi wakiimba na furaha hawana hata ya kulamba. Waulize mmoja mmoja, uniandikie walivyosema. Usiniulize nataka ya nini.

Hapa hakuna jipya. Paka wa Mama Pacha amezaa ndani ya kabati la mama yako. Wanne. Nilitoa tu joho la kwaya wasije wakalichafua, wao nimewaacha wajilalie.

Babako,
mzee wa kinu


27 Februari

Baba,

Shikamoo. Nimewauliza, na wamenicheka kwanza.

Mama Vifungo, anayeshona vifungo tangu karakana ifunguliwe, anasema akiimba vifungo vinajishona vyenyewe, asipoimba anaanza kuvihesabu na siku inakuwa ndefu kama njia ya kwenda polisi. Mpiga pasi anasema yeye anaishi peke yake, na akiimba anasikia kama wageni wamefika. Mkataji wetu, yule baba mnene, sikutegemea anijibu, kwa sababu ana kigugumizi na huwa anaongea kwa mkasi tu. Aliweka kitambaa chini akaniambia, polepole sana, kwamba akiongea maneno yanamsimama kooni, lakini akiimba yanapita. Yote, bila kukwama. Anasema kuimba ndiyo njia pekee ya yeye kumaliza sentensi. Bosi naye alikuwa anapita, akasema hajui kwa nini wanaimba, ila wakinyamaza anajua kuna ugomvi.

Hayo ndiyo majibu yao. Hukuniuliza langu, labda kwa sababu unajua mimi siimbi. Na unajua kwa nini.

Baba, nimelimeza jambo hili miaka minne, leo nalitema. Siku tuliyomzika mama, kwaya yake ilijipanga kando ya kaburi. Watu aliokuwa ameimba nao miaka ishirini. Walianza mstari wa kwanza, na wewe ukainua mkono ukawanyamazisha. Mbele ya watu wote. Mwalimu wa kwaya alibaki na mikono hewani kama mtu aliyeporwa kitu. Tukamfunika mama kwa sauti ya makoleo. Tangu siku ile kila nikitaka kuimba nauona mkono wako, sauti inarudi ndani.

Sikukuuliza wakati ule, nilifunga sanduku nikaja huku. Nakuuliza sasa. Alikukosea nini mpaka umnyime hata wimbo mmoja?

Na jambo lingine. Uliniambia nguo zake zote ulizigawa. Joho la kwaya limetoka wapi?

Sindano


2 Aprili

Baba,

Wiki tano sasa. Barua yangu ilikuwa kali, najua, na sitaifuta. Lakini kali si sawa na kwaheri.

Mama Pacha anasema siku hizi huonekani hata Jumapili, kwamba unatoka asubuhi na mlango unabaki umefungwa mpaka jua linataka kuzama. Anasema umekonda, ila unatembea haraka. Sijui nichukue lipi kati ya hayo mawili.

Nimeomba ruhusa ya siku tatu. Usiponijibu kufikia mwisho wa wiki ijayo, nakuja, na nitalala mlangoni kama umefunga.

Mwanao


9 Aprili

Sindano mwanangu,

Usije kulala mlangoni, utaumwa mgongo. Soma hii kwanza. Nimeiandika mara nne; tatu nilizichana.

Nilikudanganya. Si vumbi la njiani. Macho yangu yalikuwa mekundu kwa sababu nililia, tena mbele ya watu saba nisiowajua.

Yule dada wa mazoezi hana vyombo vya ajabu. Ana chumba cha nyuma wanamoweka viti vya magurudumu, ana viti vya plastiki, na ana sauti. Siku ya kwanza tulikuwa wanane: fundi rangi, mwoka mikate, mama mmoja aliyevuta sigara tangu ujana, na wengine kama hao. Akatuambia: Dawa ya vifua vyenu ni kuimba. Mtu anayeimba anavuta pumzi kwa nguvu na kuitoa kwa hesabu, na hakuna zoezi linalofundisha hivyo bila kuchosha. Nikachukua kofia yangu. Akaniuliza, "Mzee, unakwenda wapi?" Nikasema mimi kuimba nimekoma. Akasema, "Sawa. Basi kaa utuhesabie." Nikakaa, maana kutoka bila kupumzika nisingefika hata getini.

Wakaimba. Mwanangu, ilikuwa mbaya. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na pumzi ya kumaliza mstari. Mimi mwenyewe, nilipopimwa baadaye, nilikutwa na pumzi ya nusu mstari. Lakini yule dada aliwapanga: huyu akiishiwa, jirani yake anashika; jirani akiishiwa, wa tatu ameshavuta. Na wimbo haukukatika. Watu saba wenye vifua vibovu, hakuna aliyeweza kuufikisha mwisho peke yake, na ulifika mwisho. Hapo ndipo nilipolia. Ijumaa yake niliimba. Na kule bafuni ndiko ninakofanyia mazoezi, mwambie Mama Pacha aombe wimbo anaoutaka.

Sasa swali lako, ambalo limenichukua wiki sita.

Unajua mama yako alikuwa anashona magunia pale kinuni. Nilimsikia kabla ya kumwona. Mashine zinanguruma, watu wazima wanapigiana kelele kuomba maji ya kunywa, na chini ya ngurumo ile kuna mwanamke anaimba, na mimi namsikia. Aliimba chini kuliko wanawake wote niliowahi kuwasikia. Nilizunguka magunia mpaka nikampata.

Masikio yangu yalianza kufa kwa sauti za juu. Kwanza waliondoka ndege. Mpaka leo nawaona wanafungua midomo tu. Halafu filimbi, halafu sauti za watoto, na yako ilikuwamo. Mama yako hakuondoka. Kwenye kwaya yao, watu ishirini na zaidi, miaka yote mimi nilisikia mabesi na mama yako. Watu walidhani naenda kwenye mazoezi kumlinda mke wangu. Nilikuwa nakwenda kusikia.

Siku ile ya mazishi walijipanga kama kawaida, na katikati, mstari wa mbele, waliacha nafasi ya mtu mmoja. Wakaanza. Niliona midomo ishirini inafunguka, nikasikia mabesi. Mabesi peke yao, na juu yao shimo. Kimya ningekivumilia, kimya nakijua. Shimo lile sikuliweza. Mkono uliinuka wenyewe. Hakunikosea kitu, Sindano. Nilishindwa mimi. Na baadaye niliona aibu, na aibu ya mtu mzima inajifanya ukali, ndiyo maana hukuniuliza na mimi sikusema.

Nguo zake niligawa zote. Joho sikuweza.

Mwezi uliopita nilipiga moyo konde nikaenda kwa mwalimu wa kwaya. Ndiyo hizo Jumapili. Nilimkuta anatengeneza baiskeli. Nilimwomba radhi nikiwa nimesimama, maneno yote niliyokuwa nimeyapanga yakanitoka vibaya. Akafuta mikono kwa kitambaa muda mrefu sana. Kisha akasema, "Besi wetu mmoja amehamia kwa mwanawe. Unaweza kushika sauti moja bila kuyumba?" Nikamwambia nimesikiliza mashine moja ikivuma kwa miaka thelathini na moja. Akacheka, nikajua nimesamehewa nusu. Nusu nyingine ananidai kwenye mazoezi.

Tarehe 30 Mei, saa nne asubuhi, tutakwenda makaburini kumwimbia wimbo ule. Wote, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Sikuombi uimbe. Naomba uwepo.

Babako


18 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yako niliisomea nyuma ya majora ya vitambaa, na nilipotoka Mama Vifungo alinipa kiti.

Nitakuja. Sitaimba.

Sijui niseme nini juu ya mkono. Miaka minne nilidhani hukutaka asikike, kumbe ulikuwa wewe ndiye uliyemsikia kuliko sisi sote. Ungeniambia siku ile ile, hata kwa maneno matatu, ningebaki nyumbani. Hilo bado linaniuma, na nakwambia ili usidhani limekwisha kwa barua moja. Lakini nimeacha kuuona mkono peke yake. Sasa namwona na mwenye mkono.

Uliniuliza juu ya wenzangu. Mkataji anakusalimu. Nilimsimulia habari za watu wanane na viti vya magurudumu, akaniomba nirudie.

Nitafika na basi la mchana, tarehe 29. Usije kituoni, kuna mlima.

Mwanao,
Sindano


6 Juni

Sindano mwanangu,

Natumai ulifika salama, na kwamba bosi wako hakununa kwa siku moja uliyoongeza. Nyumba imekuwa kubwa tena tangu ulipoondoka. Mama Pacha ananiuliza utarudi lini, na wale paka wanne wamegundua kwamba hakuna tena mtu wa kuwafukuza mezani.

Kuna jambo lazima nilitoe, kwa sababu nimechoka kuwa mtu wa kusema kweli wiki sita baadaye.

Pale makaburini mimi nilikuwa mstari wa nyuma, wewe ulisimama pembeni yangu umeshika kofia yangu. Mstari wa kwanza niliumaliza. Wa pili niliumaliza kwa kuiba pumzi, kama tulivyofundishwa. Wa tatu ulinishinda. Nilifunga mdomo, nikavuta hewa, hewa haikuja, nikaona mawe yanazunguka. Nilikutazama nione kama umetambua. Na wewe ulikuwa umefungua mdomo.

Nilijua kwamba unaimba kwa sababu mwalimu aligeuza kichwa ghafla. Nilijua kwa sababu yule mama wa sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa, ambaye hampishi mtu hata mlangoni, alijisogeza akakupa nafasi. Nilijua kwa mishipa ya shingo yako. Watu walikuangalia kama wanavyomwangalia mtu aliyewasha taa. Nilipata pumzi, nikaingia tena, tukamaliza wote.

Kisha tulipokaa kula ukaniuliza, "Baba, nilikuwaje?" Nikakujibu, "Vizuri sana."

Mwanangu, sikukusikia. Hata chembe. Sauti yako ni ya juu, kumbe, hukuichukua ya mama yako. Imekaa pale pale walipokwenda ndege. Watu wote waliokuwa pale wanayo siku ile, mimi ninayo picha yake tu.

Sitaki kukuhuzunisha. Mimi sina huzuni. Bado nilijua upo, kwa jinsi wimbo ulivyosimama nilipouachia. Lakini sikutaka ukae na "vizuri sana" ya uongo.

Babako


14 Juni

Baba,

Shikamoo. Nilijua. Wewe hujawahi kumwambia mtu "vizuri sana" tangu nizaliwe. Nilipoleta cheti cha ufundi ulisema "haya". Niliposhona gauni la harusi la kwanza ulisema mshono wa kushoto umepinda. Kwa hiyo ulipotoa "vizuri" na "sana" kwa mpigo, nilijua mzee wangu hajasikia kitu.

Nilinyamaza ili usione aibu. Naona tabia hii ya kuficha haikuwa ya mama peke yake.

Sasa nisikilize. Au nisome. Nilipofika huku nilimweleza mkataji, kwa sababu yeye anajua mambo ya sauti. Alifikiri kutwa nzima. Jioni akaniambia tatizo si kubwa, ni la vipimo tu: nguo ikiwa ndefu, inapunguzwa. Akanianzishia ule wimbo kutoka chini, chini sana, mpaka nikahisi natafuta sauti kwenye visigino. Siku ya kwanza nilitoa hewa tupu. Siku ya tatu karakana nzima ilikuwa inanisaidia, na Mama Vifungo akasema nasikika kama mlango wa ghala, lakini mlango mzuri.

Nimemwandikia mwalimu wa kwaya, nikamwomba aushushe wimbo mzima ngazi nne. Amejibu kwamba akina mama wa sauti ya kwanza wamelalamika, kwamba mmoja amesema hakuja kwaya kuunguruma, na kwamba mabesi wana wasiwasi watachimba mpaka msingi wa jengo. Kisha akaandika: "Tumekubaliana. Mara moja, kwa ajili ya mzee." Nadhani hiyo ndiyo ile nusu yako nyingine.

Bado sijui kwa nini watu wanapenda kuimba. Majibu ya wenzangu yote ni ya kweli na hakuna linalotosha. Najua tu kilichonifungua mdomo mimi. Pumzi yako ilikatika, mstari ukawa unaanguka, na mimi nilikuwa karibu.

Nakuja Jumapili ya pili ya Julai, kwenye mazoezi. Nitasimama mbele yako, si pembeni.

Mwanao,
Sindano


15 Julai

Sindano mwanangu,

Marahaba. Nilitaka kukuambia pale pale, lakini kulikuwa na watu wengi, na wewe unanijua.

Nilikusikia.

Uliingia mapema kwenye mstari wa pili, hukumngoja mwalimu. Mwisho wa mstari wa nne umemeza neno zima. Na ile sauti ya chini unaikaba kooni kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa, iachie, haimwagiki. Fanya mazoezi. Mwalimu amesema wimbo utabaki huko huko chini, na akina mama wa sauti ya kwanza wamezoea, isipokuwa mmoja, na huyo hatujawahi kumridhisha kwa lolote.

Jumapili ya pili ya Agosti ni tarehe 9. Lete na mkataji. Tumepungukiwa besi.

Babako